Kaburi Ikikushow Usiguse, Usiguse

Hii ni ya mbogi yote iliyovuka Busia ikaja kusoma na kusota Kampala: nyinyi wa Kansanga, wa Kabalagala, wa Wandegeya, mnaojua kikomando na rolex kuliko mnavyojua tarehe ya CAT. Najua base zenu za gemu. Zote ni FC, pedi mbili, na wathii kwa bench wakipigia refa kelele. Fiti. Lakini siku ikikuboo, kuna gemu za aina ingine zinakufinya roho vizuri zaidi, na hata lapi mzee wa mkono wa pili anazibeba bila stress. Ni zile za kitambo za msee wa kofia na mjeledi anaingia kaburi ya kale kutafuta dhahabu. Anaruka shimo, anakanyaga jiwe mbaya, anadedi.

Risto yake ni ya mbali. 1982, David Crane wa Activision alitoa Pitfall! ya Atari 2600: msitu, mamba, hazina 32 na dakika 20 za kuzisanya. 1989 Waingereza wa Core Design wakaleta Rick Dangerous, na hao walikuwa wabaya. Hujakaa hata vizuri, jiwe kubwa inakukimbiza kutoka nyuma. Mitego zingine huwezi ziona mpaka zikuchinje. Hao hao Core ndio 1996 walitoa Tomb Raider, so Lara Croft ametoka kwa hiyo nyumba ya mateso.

Kama unataka kuanza leo, anza na Spelunky. Derek Yu aliiachilia bure 2008, ya Windows, na ni nyepesi hadi haitamaliza bando yako. Unapewa roho 4, bomu 4, kamba 4. Unashuka mgodi, msitu, barafu, halafu hekalu. Noma ni kwamba hakuna kukariri. Ukidedi, mapango zinachorwa upya, na ile njia ulikuwa umeshika haiko tena.

Cheki sanamu ya dhahabu, ujue hii gemu inafikiria aje. Iko juu ya jiwe, inang'aa, hakuna mlinzi, hakuna nyoka. Unaiokota. Saa hiyo hiyo jiwe kubwa inaanguka na kuanza kuviringika. Mikono imejaa sanamu, so mjeledi hautoki. Ukibonyeza, unarusha mali yako mwenyewe. Jiwe ikipita kwa duka na kuvunja ukuta, mwenye duka hajali nani alianzisha. Anachomoa bunduki na wewe ndio target. Na ukikawia sana kwa levo moja, mzimu unatokea, na huo haupigwi, unahepwa tu. Ukicheki poa, karibu kila kifo ni tamaa yako imekurudia.

Ukishakomaa, ingia La-Mulana. Ni ya Wajapani, ilitoka 2005 ikiwa imechorwa kama gemu za MSX, zile kompyuta za miaka ya 80, halafu 2012 toleo jipya likafika kwa PC. Hapa unacheza Lemeza Kosugi, profesa mwenye mjeledi na lapi yake. Kuruka ni ngumu, lakini kusoma ndio ngumu zaidi. Kuna mawe zimeandikwa mafumbo, na jibu ya fumbo iko chumba ya mbali kabisa. Weka daftari kando, si mchezo. Kuna jiwe moja inakuonya usiisome tena. Ukiwa mjuaji ukaisoma mara ya pili, gemu yote inakuwa ngumu zaidi na hakuna kurudi nyuma. Ulikuwa umeambiwa, banange.

Sasa hapa ndio Kampala inaingia, juu huku kaburi za wafalme ziko mtaani. Panda boda Wandegeya, pitia Nakulabye, uko Kasubi. Nyumba kuu ya hapo, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa 1882 ikiwa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, Muteesa I, akazikwa hapo 1884. Sahii ni Kabaka wanne wamepumzika ndani. Unavua viatu, madem wanavaa sketi, unakaa chini kwa mkeka. Juu kwa dari kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda, na kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Mbele kuna pazia ya gome la mti. Nyuma yake kunaitwa Kibira, msitu, na huko ndio wafalme wako. Wewe mgeni unaishia kwa pazia. Moto wa 16 Machi 2010 uliteketeza nyumba yote, watu wakaijenga tena, na 2023 UNESCO ikaitoa kwa orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapo hakuna jiwe ya kukukimbiza, na bado watu wanatulia. Ile adabu Spelunky inakufunza kwa kukuua, Kasubi unaambiwa kwa mdomo, mara moja.

Shida ni wale hawakuambilika. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, pamoja na taya yake, yalitoka hekalu lake Mbaale, Mawokota, yakaishia makumbusho ya Cambridge kupitia mmishonari John Roscoe, mwanzo wa miaka ya 1900. Yalirudi 1962, mwaka wa uhuru. Na 2024 Cambridge ikarudisha vitu vingine 39 kwa Uganda Museum pale Kira Road, tena kwa mkopo wa miaka mitatu. Soma hiyo polepole: mkopo. Kwa gemu, ukibeba sanamu kaburi inajitetea. Kwa ukweli, jamaa alipanda meli na mzigo na hakuna kitu iliviringika.

Ndio maana sitaki uache hizi gemu. Zicheze, ni tamu, na ndio mahali pekee mwizi wa kaburi analipa deni papo hapo. Lakini kuna moja bado naingoja. Wasee wa ku-code wa Makerere na KIU, Kola Studios walishatoa karata ya Matatu kwa simu kutoka hapa hapa Kampala, so msiniambie haiwezekani. Mimi nataka kuwa mlinzi. Nipange mitego, nizungushe mafumbo, nifunge pazia, halafu yule wa kofia ndio aruke akitoka jasho. Na akigusa, mimi ndio nitaachilia jiwe.