Kabla hujatia saini fomu ya majaribio

Mwambie mgonjwa kwamba kuna dawa ya saratani iliyo kwenye majaribio, naye atalishika neno moja tu, hilo la mwisho. Kiswahili chetu kina jaribio la wizi na jaribio la mapinduzi, hivyo si ajabu mtu akakunja uso na kusema hakuja hospitali kufanywa panya wa maabara.

Tuanze na jaribio la jirani zetu Kenya. Kati ya Desemba 2018 na Novemba 2019 watafiti waliandikisha wasichana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi, wenye miaka 15 hadi 20. Walitaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. HPV ndiyo virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na wakati huo chanjo yake ilitolewa kwa dozi mbili au tatu. Anayejua kazi ya kumrudisha binti kliniki mara ya pili anaelewa uzito wa swali hilo.

Washiriki waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalichomwa chanjo ya HPV, kila moja aina yake, na la tatu likachomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hakuna mshiriki aliyejua amechomwa ipi.

Hapo kwenye kura ndipo wengi tunapokwama. Kwa nini daktari asichague mwenyewe? Kwa sababu daktari naye ni binadamu. Angempa dawa mpya yule aliyemwonea huruma, au yule anayedhani atafuata masharti, na mwishoni tusingejua kilicholeta nafuu ni dawa au ni mtu mwenyewe. Kura haina ndugu wala jirani.

Baada ya miezi 18 hesabu ikapigwa. Maambukizi sugu ya HPV aina ya 16 na 18, zile hatari zaidi, yalikutwa kwa washiriki 38. Mmoja alitoka kundi la chanjo ya kwanza, mmoja la chanjo ya pili. Wale 36 waliobaki wote walikuwa wa kundi la uti wa mgongo. Kundi hilo nalo lilipewa chanjo ya HPV baadaye, kama ilivyopangwa tangu mwanzo.

Mwanza nako wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawiwa dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia huko.

Hiyo ni chanjo, na waliochanjwa walikuwa wazima. Dawa ya kutibu saratani ina njia yake. Huanza kwa wagonjwa wachache, mara nyingi wale ambao tiba za kawaida zimewashinda, ili kupata kipimo ambacho mwili unakihimili. Kisha huangaliwa kama uvimbe unasinyaa. Ikifaulu, hushindanishwa na tiba iliyopo kwa mamia ya wagonjwa au zaidi. Kushindanishwa maana yake ni kwamba usipoangukia dawa mpya, unapata tiba bora iliyozoeleka. Mgonjwa mwenye tiba inayojulikana haachwi na kidonge kitupu.

Hata hivyo sikushauri ukubali tu. Dawa mpya inaweza kushindwa, tena nyingi hushindwa, na madhara mengine hayajulikani mpaka mtu ayapate. Muulize mtafiti: kura ikienda upande wa pili, nitapewa nini? Nauli na vipimo analipa nani? Nikidhurika, nani atanitibu? Utafiti ukiisha na dawa inanisaidia, nitaendelea kuipata? Na kamati gani ya maadili imeuidhinisha? Akisita kwenye hilo la mwisho, nyanyuka uondoke.

Unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Fomu ya ridhaa usiisaini siku hiyohiyo kama hujaielewa. Nenda nayo nyumbani, muisome na mtu unayemwamini. Ukishasaini, nakala moja ni yako. Idai kabla hujatoka mlangoni.