Menyu na Kidole cha Bibi

Siku ya gulio pale Mkuyuni, mashariki ya milima ya Uluguru, nilimwona bibi mmoja aliyekwisha kuuza mikungu yake ya ndizi, ameinyoosha mbali simu yake ya vibonye ili macho yapate kuona, akiisoma menyu mstari baada ya mstari kwa utaratibu wa mtu asiyependa kuhadaika katika mali yake. Na kabla hajafikia mahali pa kutoa pesa, kioo kikafutika. Akaanza upya, kikafutika tena. Mara ya tatu alimkabidhi simu kijana wa wakala. "Mjukuu wangu, nibonyezee wewe," akasema, na namba ya siri akamtajia kwa sauti, nasi sote wa foleni tukaisikia.

Lugha haikuwa hoja, maana menyu ilikuwa ya Kiswahili, na tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 tumezoea kuona hata kompyuta ikinena kwetu. Ila ni mpangilio. Menyu hizi za nyota na reli hazibebi zaidi ya herufi 182 kwa mara moja, na mteja akikawia mtandao humkatia; kwa hiyo kila mstari una thamani ya kizimba sokoni, naye mgawaji wa vizimba aghalabu ni mtu wa mauzo, ambaye hutanguliza mikopo na vifurushi, ilhali fundi wa kupanga kile ambacho jicho litaona huitwa mwisho, kama mpaka rangi wa nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Haikuwa hivyo hapo mwanzo. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, mwaka 2005, yalikusudiwa marejesho ya mikopo midogo. Lakini waasisi wake, walipowatazama watu wakiitumia, waliwakuta wakitumiana pesa wao kwa wao, basi wakaacha kusudio lao wakafuata la watu, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikanadiwa kwa jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Enyi mabwana na mabibi mnaozitunga menyu hizi huko Dar es Salaam, kabla hamjaongeza mstari mwingine, pandeni gari la Mkuyuni siku ya gulio, mketi kwenye benchi la wakala, msiseme neno, mtazame vidole.