Mlinzi wa Kambi na Amani ya Vijiji

Wapo watu wanaoidharau kazi ya kulinda kambi ya jeshi. Husema kwamba askari hodari ni yule aendaye vitani. Huyu asimamaye langoni usiku kucha, bunduki begani, akingoja zamu yake iishe, ni bawabu tu. Wananchi wa Tarime na Serengeti wasikubali maneno hayo. Vijana wao wengi wamekuwa askari tangu enzi ya King's African Rifles hadi Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964. Tena wao wenyewe wameonja uchungu wa bunduki iliyotoka mahali pake.

Tukumbuke vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Majeshi yake yaliposhindwa, askari wa kambi ya Moroto, katika nchi ya Karamoja huko Uganda, walikimbia wakaacha ghala ya silaha bila mlinzi. Wafugaji wakaingia, wakachukua maelfu ya bunduki. Wizi wa ng'ombe, uliokuwa ukifanywa kwa mikuki, ukageuka kuwa vita, na kwa miaka mingi watu wakawa wanazikwa. Na chanzo kikubwa kilikuwa lango moja lililokosa mlinzi!

Na kwetu je? Vita hivyo vilipokwisha, baadhi ya askari waliorejea katika vijiji vya Wakurya walikuja na bunduki kwa siri. Ng'ombe walikuwa wakiibwa tangu kale, kwa kuwa ndio mali na ndio mahari. Lakini wezi walikuja na mishale na mikuki, na wenye zizi waliweza kuwakabili. Bunduki ilipoingia, mwenye mkuki alibaki hana la kufanya.

Kwa hiyo kijana anayepangiwa lindo asione haya. Anachokilinda si ukuta wala seng'enge. Ni usingizi wa mama yake nyumbani. Akisinzia, au akila rushwa akafumba macho, risasi itokayo ghalani yaweza kuishia zizini mwa baba yake. Naye aliyeficha bunduki darini na aisalimishe serikalini. Silaha ina nyumba yake, nayo ni ghala lenye mlinzi macho; nje ya hapo haina rafiki.