Lugha ya Skrini (2): Mfasiri Anahitaji Sentensi Nzima

Juma lililopita tulieleza kiolesura, yaani ule uso wa programu unaotazamana na mtumiaji, wenye vitufe, menyu na ujumbe. Leo tuingie kiwandani.

Kiwanda chenyewe kiko upande wa Barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area, Nairobi, ambako kila alfajiri wafanyakazi huja kwa miguu kutoka Mukuru na Viwandani. Nilialikwa kukagua skrini ya mtambo wa kufungasha sabuni iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Dada aliyekuwa zamu aliweka kidole juu ya neno FUNGUA, kando ya mchoro wa kifuniko. "Mwalimu," akaniuliza, "hapa inaniambia nifungue, ama inaniambia iko wazi?" Kifuniko kilikuwa wazi tayari. Mtambo ulikuwa umesimama ukingoja kifungwe, huku ukimwambia afungue!

Mfasiri hastahili lawama. Alikabidhiwa orodha ya maneno ya Kiingereza, moja moja, na mojawapo lilikuwa "open". Kwa Kiingereza neno hilo ni amri na pia ni hali. Kwa Kiswahili amri ni "fungua" na hali ni "wazi". Tena hiyo hali haisimami pekee, hutaka kujua inasimulia nini: mlango uko wazi, kifuniko kiko wazi, madirisha yako wazi. Mfasiri asiyejua nomino hana pa kupata kiambishi, basi hubahatisha. Ni kweli mitaani Nairobi "iko" hutumika kwa kila kitu na watu wakaelewana, kwa sababu kitu chenyewe kipo mbele ya macho. Skrini haina kidole cha kuonyesha.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo. Mtunzi wa programu huandika sentensi yenye pengo, kompyuta ijaze jina la kitu, kisha lifuate neno "imefutwa". Picha imefutwa, sawa. Lakini jina limefutwa, ujumbe umefutwa, kikumbusho kimefutwa, wateja wamefutwa. Mifumo ya kimataifa ya kutafsiri programu hukipa Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la wingi, na kuishia hapo. Ngeli haimo. Dawa yake ni kuandika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, na kuiambatanisha na maelezo: inatokea wapi, nani ataisoma, wakati huo anafanya nini, na nafasi iliyopo ni ya herufi ngapi.

Kuhusu nafasi, wengi hulalamika kwamba Kiswahili hurefusha mambo. SMS moja hubeba herufi 160, na ukurasa wa menyu ya USSD, kama ile ya *334# ya M-Pesa, hubeba 182. Nafasi ni finyu kweli. Lakini tazama "hujamlipa": herufi 9 tu, nazo zimebeba mlipaji, mlipwaji, wakati na ukanushi. Anayerefusha ni yule anayefuata Kiingereza neno kwa neno hadi akaandika "bado wewe hujafanya malipo kwake". Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu wamejizoesha kusema tuma, toa, salio, namba ya siri. Hayo ndiyo maneno ya kuanzia.

Sasa mfikirie asiyeona. Simu yake ina kisoma-skrini, programu inayotamka maandishi. Programu isipowekewa alama ya lugha, ambayo kwa Kiswahili ni "sw", sauti ya Kiingereza hulitamka neno "toa" hata lisitambulike. Kitufe chenye picha pekee, bila jina, hutamkwa "kitufe" tu. Na mwenye macho hafifu? Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, hudai maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa kiwango kisichopungua 4.5 kwa 1. Taa nyekundu nayo iandamane na neno, maana si kila jicho hutofautisha nyekundu na kijani. Haya si hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na kikaitaka serikali ikuze Braille, Lugha ya Ishara ya Kenya na njia nyingine zinazowafaa watu wenye ulemavu.

Tuliubadilisha ule mstari ukawa: "Kifuniko kiko wazi. Kifunge ili mtambo uendelee." Yule dada aliusoma kwa sauti, akakifunga, mtambo ukanguruma. "Sasa hiyo imeongea," akasema, akarudi kwenye sabuni zake.

Juma lijalo: saa. Zamu inayoanza saa 1 asubuhi, skrini huiandika 7:00, na kibarua mgeni hufika akiwa amechelewa.