Motokaa Inayokataa Kuwaka Ingali Moto

Watu wengi wa nchi ya kati, toka Mpwapwa na Kongwa mpaka Manyoni na Kondoa, wamekwisha kuliona jambo hili kwa macho yao. Asubuhi motokaa yawaka mara moja bila taabu. Yasafiri juani kwa muda wa saa mbili, kisha dereva aizima ili abiria wanywe chai. Baada ya robo saa arudi, azungusha ufunguo, na injini yakataa kabisa. Abiria hushuka wakasukuma, na wengine hunong'ona ya kuwa gari limerogwa. Jua likishuka na injini ikipoa, yawaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wo wote.

Mimi mwenyewe nilipatwa na jambo hili katika mwezi wa Novemba, nilipokuwa ndani ya pikapu iliyokuwa ikimpeleka mjini Dodoma mama mwenye uchungu wa kuzaa. Dereva aliizima injini dakika kumi tu ili atie petroli, naye hakuweza kuiwasha tena kwa muda wa saa nzima. Ilibidi mama yule ahamishiwe katika gari jingine. Alifika salama, na mtoto yu hai. Lakini tangu siku ile naona ya kuwa ujuzi wa jambo hili si wa mafundi peke yao.

Kwanza tufahamu joto linavyofanya kazi. Chungu cha uji kikiepuliwa mekoni, uji huendelea kutokota kwa kitambo. Ndivyo ilivyo injini. Inapozunguka, maji na feni huchukua joto lake na kulitupa nje. Ikizimwa, maji husimama na upepo hukoma, lakini chuma kingali moto. Basi joto lote hupanda chini ya boneti, likazidi kwa muda wa dakika kumi mpaka thelathini lilivyokuwa safarini. Ndiyo sababu motokaa hukataa baada ya kituo kifupi, wala si baada ya kulala usiku.

Tena petroli si kama maji. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100, na hapa maji huchemka karibu na digrii 96 badala ya 100. Petroli nayo, sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye digrii 40 hivi. Basi katika miezi ya joto kabla ya mvua, bomba la petroli lililo karibu na injini ni kama chungu juu ya mafiga.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Ili injini iwake yataka mambo matatu: izungushwe kwa nguvu, ipate cheche, na ipate petroli kwa kadiri. Hapana budi kulitafuta lililokosekana wakati ule ule motokaa inapokataa. Fundi akiletewa gari asubuhi limekwisha kupoa, haoni kosa lo lote. Hapo ndipo abadilishapo vyombo kwa kubahatisha, na mwenye gari apoteza fedha yake bure.

Jambo la kwanza, sikiliza stata. Ikiwa yazungusha kwa uvivu au yagonga tu, kosa si la petroli. Tazama betri na vichwa vya waya zake, pamoja na waya ule mnene uendao kwenye mwili wa gari. Shaba ikipata joto huzidi kuuzuia umeme, na kutu kidogo ambayo asubuhi haikuleta madhara, mchana yatosha kuishinda stata. Gusa vichwa vya waya baada ya kujaribu kuwasha: kiungo chenye joto kuliko vingine ndicho chenye uchafu. Kikiwa vyote safi na betri ni nzima, mshuku stata yenyewe.

Jambo la pili, ikiwa stata yazungusha vema, tafuta cheche. Katika motokaa ya zamani, toa plagi moja, irudishe katika waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha mwenzako azungushe. Cheche ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo, mshuku koili na kondensa, maana nyuzi zilizo ndani ya koili huachana zikipata joto. Funika koili kwa kitambaa chenye maji, ungoje kidogo. Ikiwaka, umekwisha kumpata mkosaji. Katika motokaa za siku hizi kuna sensa ndogo karibu na mhimili wa injini, iambiayo kompyuta wakati wa kutoa cheche na petroli. Ikichakaa, hufa kwa joto na kufufuka kwa baridi. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye kipimo.

Jambo la tatu, ikiwa cheche ni njema, tazama petroli. Plagi ikitoka imelowa na yanuka, petroli imezidi. Katika gari lenye kabureta, petroli imechemka ikamwagika ndani ya injini. Kanyaga ekseleta mpaka mwisho, uishike pale pale bila kuipiga piga, ukazungushe kwa sekunde kumi. Katika gari lenye kompyuta, huenda nozeli zavuja, au sensa ya joto la maji yasema uongo: yaiambia kompyuta ya kuwa injini ni baridi, nayo yamimina petroli nyingi kama ya alfajiri.

Plagi ikitoka kavu, petroli haikufika. Katika gari la zamani, mvuke umeziba bomba. Funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholowa. Katika gari la pampu ya umeme, fungua swichi bila kuwasha, hesabu mpaka tatu, funga, rudia mara mbili au tatu, ndipo uwashe. Ikiwaka kwa njia hiyo, jua ya kuwa petroli hurudi nyuma gari likizimwa, na vali ya pampu yahitaji kutazamwa. Magari ya dizeli hayana plagi za cheche. Hayo yakikataa yakiwa moto, mara nyingi pampu imelika, maana dizeli ikipata joto huwa nyepesi na kupenya penye nafasi.

Nina maonyo manne. Usimwage maji baridi juu ya injini iliyo moto, yaweza kupasuka. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maji yatakuunguza uso. Usimimine petroli kwa mkono ndani ya kabureta huku mtu akizungusha. Moto wake hauna huruma. Wala msijichoshe kulisukuma gari lenye gia za kujibadili zenyewe, maana haliwaki kwa kusukumwa.

Na kwa kinga, osheni vumbi katika matundu ya rejeta, egesheni kivulini, acheni injini izunguke dakika mbili kabla ya kuizima, na mwinue boneti mkipumzika. Tena mwenye gari la kubeba wagonjwa asingoje siku ya shida. Gari likikataa hata mara moja likiwa moto, aandike saa, stata ilivyolia, na plagi ilivyokuwa, ampe fundi karatasi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.