Kwa baiskeli kutoka Mogitu hadi Haydom: Njia ya changarawe yenye mafunzo

NDUGU msomaji, baiskeli unayoitumia kwendea kazini, au ile iliyolala ukutani kwa sababu tairi limeisha, ni chombo kinachoweza kukufunza nchi yako kuliko basi lolote. Abiria wa basi huona vumbi na mabango ya barabarani. Mwendesha baiskeli huona shamba, huusikia mto, hunusa udongo ulionyeshewa, na akipita mbele ya nyumba ya watu hana budi kusalimu.

Siku hizi, katika nchi za Ulaya na Marekani, watu huchukua likizo zao wakaenda kuendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe, wakipita katikati ya mashamba, mizabibu na misitu. Viwanda huwaundia baiskeli maalumu zenye matairi mapana, nazo huuzwa kwa bei kubwa. Mkulima wa Hanang akisimuliwa habari hizo atacheka, maana yeye, na baba yake kabla yake, wamesafiri hivyo maisha yao yote, tena wakiwa na gunia la mahindi juu ya keria. Phoenix ya Uchina na Swala iliyotengenezwa Dar es Salaam zimepita njia hizi miaka mingi kabla ya mtu kuzigeuza kuwa mchezo wa likizo.

Basi ikiwa unafikiria kuwapeleka vijana wako mahali pa kujifunza na kunyoosha viungo, zingatia Mogitu.

NJIA YENYEWE

Mogitu ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, kwenye barabara kuu itokayo Babati kwenda Katesh na Singida. Barabara hiyo kuu ina lami, na mabasi na malori huikimbia usiku na mchana. Usiifanye kuwa uwanja wa watoto. Njia inayotuhusu inachepuka hapo Mogitu kuelekea Basotu, kisha Haydom katika Wilaya ya Mbulu. Urefu wake ni takriban kilomita 70, na kwa familia ni busara kuigawa katika siku mbili au tatu.

Nyuma yako utauacha Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mlima huu ni volkano ya zamani, na mitelemko yake ina msitu uliohifadhiwa, ambao ndio chemchemi ya vijito vya vijiji vilivyo chini. Upande wa kaskazini limelala Ziwa Balangida, ambalo maji yake ni ya chumvi na ambalo hupungua sana wakati wa kiangazi. Mbele yako kuna uwanda wa juu, wenye kupanda na kushuka polepole, mahindi na maharage huku, alizeti kule, na ngano iliyotandazwa hadi upeo wa macho. Zabibu hutaziona, hizo zina nchi yao, Dodoma. Huko Basotu utakuta ziwa lingine, na hili maji yake hayana chumvi.

Kwa msafiri atokaye pwani, jambo la kwanza la kukumbuka ni mwinuko. Nchi hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza pumzi itakuwa fupi. Usione aibu kushuka na kusukuma. Baridi ya Juni na Julai ni kali wakati wa asubuhi, kwa hiyo sweta si anasa.

JINSI YA KUJIANDAA

Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na wakati huo udongo mweusi wa mabondeni hunata kwenye gurudumu mpaka lisizunguke. Safiri kati ya Juni na Oktoba. Changarawe kavu nayo ina hila zake: mahali malori yamepita mara nyingi barabara hujikunja kama bati, na kwenye kona mawe madogo huteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ya mbele ghafla, wala usiyajaze matairi upepo hadi yawe magumu kama mbao. Tairi lililolegea kidogo hushika ardhi vizuri zaidi na huupumzisha mgongo. Lakini lisilegee mno, maana jiwe litaubana mpira wa ndani dhidi ya rimu na kuutoboa.

Chukua pampu, viraka, gundi, mpira mmoja wa akiba na spana zinazolingana na baiskeli yako. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Kabla ya safari, kaza breki na utie mnyororo mafuta. Baiskeli iliyokaguliwa nyumbani haimwaibishi mtu njiani.

NGANO HII NI YA NANI?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, pengine kuliko mandhari, ndilo linaloifanya njia hii istahili kupitwa.

Uwanda huu wa Basotu kwa muda mrefu ulikuwa malisho ya Wabarbaiga, wafugaji wa kabila la Wadatoga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano hapa. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likawa na mashamba makubwa yaliyofikia ekari 100,000 hivi kwa jumla: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengineyo. Kusudi lilikuwa kulisha miji, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano iliyovunwa nchini ilitoka Hanang. Sisi wa mjini tulikula mkate huo.

Lakini trekta lililolima lilipita pia juu ya malisho bora, njia za kuendea maji, na makaburi. Wabarbaiga humzika mzee anayeheshimiwa chini ya kichuguu cha udongo kilichojengwa kwa sherehe, kiitwacho bung'ed, na mahali hapo huheshimiwa kwa vizazi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha umiliki wake kama sheria ilivyotaka. Baadaye mashamba ya shirika yalibinafsishwa, na baadhi ya ardhi ikagawiwa wananchi.

Sikusimulii haya ili mkate ukukwame kooni. Nakusimulia ili utakapoketi kando ya barabara na wanao, nao wakakuuliza, "Baba, ngano hii yote ni ya nani?" usijibu kwa neno moja. Mtoto wa mjini anayejua kwamba chakula chake kilimgharimu mtu mwingine malisho atakuwa raia mwangalifu zaidi wa ardhi.

ADABU YA MGENI

Kutokana na hayo, adabu inakuja yenyewe. Usikatize shambani, hata kama mavuno yamekwisha na njia inaonekana fupi. Usipande kichuguu usichokijua. Ukikutana na ng'ombe, shuka, simama kando, uwaache wapite. Wenye haraka ni wewe, si wao. Ukitaka kuingia msituni mlimani, pata kwanza kibali cha wahifadhi.

Utakutana na watu wa asili mbalimbali. Katika eneo hili la Mbulu na Hanang wanaishi kwa ujirani Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi; Wadatoga, wenye lugha ya Kinailoti; Wanyaturu na wengine wasemao lugha za Kibantu; na huko Yaeda, Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu inayojulikana. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, nacho kitakutosha.

Na mlima nao uheshimu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimomonyoka, na tope, mawe na magogo vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wanaokuuzia chai na ndizi njiani huenda walizika ndugu zao siku zile. Usiwafanye kuwa kitu cha kutazamwa. Nunua kwao, salimu, sikiliza wakipenda kusema.

Hivyo basi, ndugu msomaji, likizo ijayo itoe baiskeli ukutani. Lipeleke tairi kwa fundi mapema, wahesabie watoto siku, na uianze safari asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkifika Haydom mtakuwa na vumbi hadi masikioni, na siku mtakayokata tena mkate mezani, mtakuwa na la kuzungumza.