Kuwaka, Kuungua na Kuchoma

Kitenzi cha Kiingereza "burn" hubeba peke yake mzigo ambao Kiswahili kimewagawia wenzake kadhaa. Kuni zinazotoa ndimi za moto zinawaka. Maharagwe yaliyosahauliwa mekoni yameungua, na aliyeyasahau ameyaunguza. Mahindi juu ya makaa yanachomwa, na soko lililobaki majivu limeteketea. Kinachopambanua vitenzi hivi, kwa kiasi kikubwa, ni kama moto ulikusudiwa, na ni nini kilichobaki baada yake.

Viwanda vya majani chai kwenye miteremko ya Aberdare, kama kile cha Ikumbi karibu na Kangari, kaunti ya Murang'a, vinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Magogo ya mikaratusi huwaka ndani ya boila, na mvuke wake hupasha hewa inayokausha majani yaliyokwisha kusagwa na kubadilika rangi. Mashine hukausha chai mpaka unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Joto likipita kiasi, chai inaungua, na muonjaji huijua kwa funda moja tu. Haisemwi kwamba imechomwa, maana hakuna aliyekusudia. Hata shambani jani huungua pasipo moto: jalidi ya alfajiri ikilipiga, jua likichomoza hugeuka kahawia, na baridi ndiyo husemwa kuwa imelichoma.

"Choma" ndicho kitenzi chenye mengi. Huchomwa nyama, makaa na matofali, lakini pia mwiba huchoma, sindano huchoma, pilipili huchoma na maneno huchoma. Moto na ncha vimekutana katika neno moja, huenda kwa sababu ngozi huvipokea kwa uchungu unaofanana. Fundi anayeunganisha vyuma huchomelea, na kwa vijana wa mijini nchini Kenya anayejiaibisha mbele za watu amechoma.

Hapo ndipo Kiswahili cha bara kinapotofautiana na cha pwani. Katika miji ya Mlima Kenya ni kawaida kusikia kwamba nyumba imechomeka. Kwa mantiki ya sarufi hakuna ajabu: vunja huzaa vunjika, na choma ikazaa chomeka. Lakini katika Kiswahili sanifu kuchomeka ni kuingiza, kama kisu alani au plagi ukutani. Mtu wa Unguja akiambiwa ghala limechomeka, ana haki ya kuuliza limechomekwa wapi. Sanifu ni kuungua, au kuteketea ikiwa hakikubaki kitu.

Kuteketeza ni kumaliza kabisa. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 zikafuata tani 105. Pembe haiwaki kwa urahisi, hivyo ilibidi mafuta yatumike. Kuziita zilizochomwa si kosa, ila "kuteketezwa" ndilo linalotaja lengo: zisirudi sokoni.

Tumbo nalo lina moto wake, kiungulia, jina lililotokana na kuungua ingawa kinachosumbua ni asidi inayopanda kooni. Mazoezi husemwa kuwa yanachoma mafuta mwilini, na wengine husema yanaunguza. La kwanza ni bora, kwa kuwa mafuta hayo huondolewa kwa makusudi.